Pikipiki imeanguka ikiwa imeegeshwa: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Pikipiki ikianguka barabarani, watu hukimbilia kumwinua dereva. Ikianguka yenyewe kijiweni, watu hucheka. Mwenye chombo naye anairukia kwa aibu, anaiinua mzobemzobe na kupiga stata papo hapo ili aonyeshe kwamba haina neno. Nimeshika spana Nkuhungu, hapa Dodoma, miaka mingi, na sehemu kubwa ya hasara ninayoikuta kwenye pikipiki zilizoanguka zikiwa zimesimama ilitokea katika dakika tano za aibu hiyo. Iliyobaki inatokana na vitu vilivyokazwa kupita kiasi tangu siku pikipiki ilipotoka dukani.

Pikipiki nyingi za bodaboda, zile za saizi ya 125 na 150, zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi bila mzigo. Zikilala, uzito wote huo unatua kwenye ncha chache: mwisho wa usukani, mkono wa klachi au wa breki, futresti, pedeli, na kava ya injini. Nguvu hiyo lazima iishie mahali. Ikikuta kitu kinachoweza kuzunguka au kusogea, inapotea. Ikikuta kitu kimekazwa kama mlingoti, inakivunja.

Kabla hujagusa stata

Kama injini bado inanguruma huku pikipiki imelala, izime kwanza. Oili imekimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na vyuma vinasagana vikavu. Funga koki ya mafuta. Kama kuna mtu ana sigara, mwambie akae mbali, hata kama ni mzee wa kijiwe.

Kisha angalia imelalia upande gani. Imelalia kulia? Ingiza gia ya kwanza ukiweza, toa stendi ya pembeni, ndipo uinue. Usipoitoa, utainua kwa nguvu zote na pikipiki itakupita ianguke kushoto, na hapo umeongeza hasara ya upande wa pili. Imelalia kushoto? Stendi iko chini ya pikipiki, kwa hiyo ukishaiinua pikipiki iegemeze kwenye nyonga yako huku ukiitoa stendi kwa mguu.

Kuinua kwenyewe ni kazi ya miguu. Geuza usukani hadi mwisho kuelekea upande ulioangukia, ule mshikio wa chini usogelee tangi. Geukia nyuma, weka makalio kwenye kiti, mkono mmoja ushike mshikio huo na mwingine keria. Kisha rudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi mgongo ukiwa umenyooka. Nimewaona akina mama wa Mpunguzi wanaouza zabibu wakiinua piki kwa namna hii bila kelele, huku vijana wenye vifua wakivuta usukani kwa mikono hadi waya zinakatika.

Ikishasimama, iache dakika tano hadi kumi. Oili irudi chini, mafuta yatulie kwenye kabureta. Kisha bonyeza kiki taratibu kwa mkono, usiirukie. Ikigoma kabisa, kuna uwezekano oili au petroli imeingia ndani ya silinda, na vimiminika havibanwi. Ukilazimisha, kinachopinda ni konrodi, chuma kinachobeba pistoni. Fungua plagi, piga kiki mara chache, uchafu utoke, rudisha plagi.

"Fundi, imeanguka na sasa haiwaki"

Mwaka fulani alikuja kijana anasukuma Boxer kutoka Majengo, jasho linamtiririka, saa saba mchana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Iliangushwa na upepo pale sokoni. Tangu hapo imekufa. Nimeambiwa ni CDI, kile kiboksi cha kuipa plagi cheche."

Nilinyoosha kidole gumba, nikabonyeza swichi nyekundu ya upande wa kulia, ile ya kuzima injini. Ikawaka kiki ya kwanza. Ilikuwa imebonyezwa na ardhi wakati wa kuanguka. Kijana hakucheka wala mimi sikumdai, ila alininunulia soda.

Kwa hiyo anza na swichi hiyo kama pikipiki yako inayo. Halafu angalia kama taa na honi zinafanya kazi. Kama zimekufa zote, tazama fyuzi na vichwa vya betri, maana kishindo hulegeza waya ambazo tayari zilikuwa zimelegea. Kama umeme upo lakini stata haijibu, jua kwamba baadhi ya pikipiki zina swichi ndogo kwenye mshikio wa klachi au kwenye stendi, na mkono ukipinda swichi hiyo haibonyezwi tena. Kiki itakusaidia kujua: ikiwaka kwa kiki, tatizo liko kwenye mkondo wa stata.

Ikiwa umeme wote uko sawa na unasikia harufu kali ya petroli, imefurika. Plagi itakuwa imelowa. Usivute choki. Fungua mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki mara saba au nane ili hewa ikaushe ndani, kisha jaribu kama kawaida. Ikigoma bado, ndipo ufungue plagi uifute. Mtu anayekuuzia CDI kabla hajatoa plagi na kuitazama, mkimbie.

"Imewaka lakini inatoa moshi kama tanuri la mkaa"

Moshi wa rangi ya samawati baada ya kuanguka kwa kawaida ni oili iliyopenya kwenye bomba la kupumulia injini na kuingia kwenye ea klina. Iache iwake taratibu bila mzigo. Dakika chache moshi utapungua wenyewe. Ukiisha, fungua ea klina: kama sponji imelowa oili, ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke vizuri, ndipo uirudishe. Pima oili kwa kipimio pikipiki ikiwa wima. Moshi ukiendelea siku ya pili, sababu haikuwa kuanguka. Ringi zako za pistoni zilikuwa zimechoka zamani, na kuanguka kumekufungulia macho.

"Usukani umeenda kushoto, tairi linaangalia mbele"

Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. Wanaambiwa shokapu za mbele zimepinda, wanunue mpya. Kwa pikipiki iliyoanguka ikiwa imesimama, mara nyingi shokapu zimejizungusha tu ndani ya mabano yanayozishika, na usukani umetoka kwenye mstari.

Tofautisha hivi. Simama mbele ya pikipiki, chuchumaa, uzitazame bomba mbili za shokapu kama unavyotazama nguzo mbili za goli. Zikienda sambamba kutoka juu hadi chini, hazijapinda. Kisha tazama usukani wenyewe pale unapofungwa katikati: upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, usukani umepinda na unabadilishwa, kwa kuwa kunyoosha bomba lake kwa moto kunalilainisha. Mwisho kandamiza mbele mara tatu nne. Shokapu ikishuka na kupanda kwa kukwama, au ikitoa oili pembeni ya sili, hiyo kweli imeumia.

Kama ni kujizungusha tu, legeza boliti za mabano ya chini, za madigadi ya mbele na nati ya ekseli. Bana tairi kati ya magoti yako, rudisha usukani taratibu hadi ulingane na tairi. Kandamiza mbele mara kadhaa ili kila kitu kikae mahali pake, kaza ekseli kwanza, kisha mabano. Bure, kama una spana. Wale wanaogongesha tairi kwenye ukuta bila kulegeza chochote wanahamisha tatizo kwenye beringi za shingo.

"Gia haziingii"

Ilianguka kushoto, ndiyo? Pedeli ya gia imesukumwa ndani na inagusa kava ya injini, kwa hiyo haina nafasi ya kwenda. Kishawishi ni kuingiza bomba na kuivuta nje papo hapo. Usifanye hivyo. Pedeli imekaa kwenye shafti inayotoka ndani ya injini, na ukivuta unapindisha shafti na kupasua sili ya oili. Kesho utaona oili inadondoka karibu na sproketi ya mbele na utasema umelogwa. Fungua boliti moja, itoe pedeli, inyooshe nje kwenye jiwe au vaisi, irudishe.

Upande wa kulia kisa ni kilekile kwa pedeli ya breki. Dalili yake ni pikipiki kuwa nzito na kunywa mafuta. Endesha kidogo bila kukanyaga breki, simama, gusa habu ya nyuma kwa tahadhari. Ikiwa ya moto, breki imeshika. Pedeli imepinda, au futresti imeisukuma, na breki haiachii. Kwa wenye disiki mbele, mkono wa breki ukilainika baada ya pikipiki kulala, hewa imeingia kwenye mkondo wa mafuta ya breki. Upampu mkono huo mara kadhaa usukani ukiwa sawa, na mkono usipokakamaa, breki itolewe hewa kabla hujabeba mtu.

"Kuna kitu kinadondoka"

Kwanza jua ni nini. Petroli inanuka na kukauka haraka, oili inabaki, na asidi ya betri inakula rangi. Petroli ikitoka kwenye kifuniko cha tangi wakati imelala, hiyo kawaida. Ikiendelea kutoka kwenye mpira wa kabureta baada ya kusimama, boya limekwama. Gonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi na mara nyingi litaachia. Asidi, kwa wenye betri za kuongezwa maji, imwagie maji mengi yaliyochanganywa na magadi, kisha suuza.

Oili ndiyo ya kuogopa, na hili nimelijua kwa kuumia. Nilikuwa bado kijana, nimetoka soko la Kibaigwa na gunia la mahindi kwenye keria. Nilipoegesha ninywe chai, stendi ikazama na pikipiki ikalalia jiwe dogo, la ukubwa wa yai. Niliinua, nikafuta vumbi, nikaona mkwaruzo kwenye kava, nikaondoka. Mkwaruzo ule ulikuwa ufa. Nilipofika Buigiri injini ilikuwa inalia kama debe lenye kokoto. Mahindi yalifika Dodoma kwa lori pamoja na mimi na pikipiki.

Sasa ninafanya hivi kwa kila kava iliyogusa ardhi: naifuta kwa petroli hadi ing'ae, naikausha, napaka unga wa sembe (dona ina rangi, itakudanganya), nawasha injini dakika kumi. Oili ikitoka, unga utalowa kwanza palepale penye ufa. Gundi ya chuma ya kuchanganya vikopo viwili itakufikisha nyumbani ukipaka penye usafi na kuiacha ikauke kabisa. Baada ya hapo kava ikachomelewe na mtu wa aluminiamu, au ibadilishwe na gasketi yake.

Saiti mira na indiketa sina mengi ya kusema. Indiketa ikiwakawaka kwa kasi kuliko kawaida, balbu moja imekufa.

Ilianguka kwa nini?

Ukirekebisha yote hayo bila kujua kilichoiangusha, tutaonana wiki ijayo.

Tazama kwanza alama iliyoachwa na stendi ardhini. Kama kuna shimo la kuzama, chanzo ni ardhi. Kichanga chetu cha Dodoma kinaonekana kigumu juu na ni unga chini. Bahi na kwenye mbuga nyingine, mvua ikinyesha, udongo mweusi unameza stendi nzima. Na lami mpya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, jua la saa nane, inalainika kama ugali, na mguu wa stendi unazama polepole wakati wewe uko ofisini Mtumba.

Hakuna shimo, lakini kuna mchirizi wa kuburuza kwenda mbele? Pikipiki ilibingirika na stendi ikajikunja. Stendi ya pembeni hukunjwa kwa kwenda nyuma, kwa hiyo pikipiki ikisogea mbele inajikunja yenyewe. Egesha pua ikitazama mlima, gia ya kwanza ikiwa ndani, usukani umegeuzwa kushoto hadi mwisho.

Hakuna alama yoyote na pikipiki imelalia kulia? Huo ni upepo. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa upepo wa kusini-mashariki unapiga Dodoma mchana kutwa. Stendi ya pembeni inailaza pikipiki kidogo kushoto. Upepo ukitoka kushoto, unaiinua kwenye stendi hadi ivuke mstari wa wima, na ikivuka imekwenda. Ukitoka kulia unaikandamiza kwenye stendi, na ardhi ikiwa ngumu itavumilia. Bora zaidi pua iutazame upepo. Upepo wa nyuma unaisukuma mbele, na tumeshaona stendi inafanya nini ikisukumwa mbele. Pembezoni mwa barabara ya Morogoro, malori na mabasi yanaleta upepo wao, kwa hiyo hesabu na huo. Turubai au sanduku kubwa nyuma ni tanga la jahazi.

Baada ya ardhi na upepo, kagua stendi yenyewe. Itikise. Ikicheza pembeni kwa upana wa kidole, boliti yake imelika na pikipiki inalala kuliko inavyotakiwa. Springi ikilegea, itajikunja kwa kuguswa na mtoto. Na kama umeweka matairi madogo kuliko ya awali, au mchomeleaji amekuongezea urefu wa stendi "iwe imara", pikipiki inasimama karibu wima, na hata kuku akiruka juu yake itaanguka kulia.

Mzigo una sheria yake. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Tumia stendi ya kati kama una mahali pagumu na sawa. Ukilazimika kupakia kwenye stendi ya pembeni, anza na dumu la kushoto halafu la kulia, na wakati wa kushusha anza kulia. Wanaoanza kupakia kulia ndio ninaowafungia mikono mipya ya breki kila mwezi.

Kinga inayofanya kazi

Mikono ya klachi na breki: legeza boliti ya bano lake, kisha kaza hadi mkono usisogee unapoutumia, lakini uzunguke ukiupiga kwa kiganja kwa nguvu. Hapo tu. Ikilala, mkono utazunguka juu badala ya kuvunjika. Kwa bodaboda, nafanya hivi kabla hata ya kuuza gadi, maana haigharimu kitu. Ukinunua mkono mpya, chagua wenye mkato mdogo karibu na ncha, ukivunjika unavunjika hapo na unabaki na kipande cha kutosha kukufikisha.

Gadi, zile bomba za kukinga injini, zina uzuri na ubaya wake. Gadi nzuri imefungwa kwenye fremu, angalau sehemu mbili kila upande, na imeacha nafasi ya vidole viwili kati yake na kava ili ikipinda isiguse injini. Gadi iliyofungwa kwenye boliti za injini peke yake inapeleka kishindo chote ndani na kung'oa masikio ya kufungia. Nondo nene siipendi, haipindi, kwa hiyo fremu ndiyo inapinda. Bomba jepesi lililozungushiwa ukanda wa tairi kuukuu, ukakazwa kwa waya, linapokea kishindo vizuri. Kama linachomelewa likiwa kwenye pikipiki, toa vichwa vyote viwili vya betri na uchomoe CDI na regyuleta kwanza. Wapo waliotengenezewa gadi asubuhi, jioni wakanunua CDI.

Kujua kama gadi yako inafanya kazi, usisubiri iangushwe. Tangi likiwa na mafuta kidogo na koki imefungwa, wawili mshikilie mwilaze taratibu juu ya tairi mbili kuukuu, kisha mziondoe moja baada ya nyingine mkichungulia chini. Kinachogusa kwanza kinapaswa kuwa gadi na ncha ya usukani. Ikiwa ni pedeli au kava, gadi hiyo ni pambo. Rudia upande wa pili.

Na chini ya kiti changu kuna kipande cha mbao ngumu, upana wa kiganja, kimetobolewa tundu na kufungwa kamba ya katani yenye urefu wa mkono. Nikifika kwenye kichanga nakitupa chini ya stendi, kamba naifunga kwenye mkono wa klachi. Kamba hiyo ni ya kukivuta bila kuinama, na pia kunizuia nisiondoke nikakiacha. Niliwahi kupoteza vinne kabla sijaifunga.